Kifo cha Kwanza: Kaida za Ufunguzi katika Filamu za Visa na Mapambano, 1903–2018

Utangulizi

Nadharia ya fasihi imeupa mwanzo wa kazi ya sanaa uzito wa pekee tangu jadi. Aristotle aliueleza mwanzo kuwa ni kile ambacho si lazima kifuate jambo jingine, lakini ambacho baada yake jambo jingine hufuata kwa kawaida. Horace naye alimsifu Homer kwa kuitumbukiza hadhira katikati ya matukio badala ya kuirejesha kwenye chimbuko la mambo. Filamu za visa na mapambano, ambazo ni miongoni mwa tanzu za karne ya ishirini zilizopata hadhira kubwa mno ulimwenguni, zimezikiuka kauli zote mbili kwa namna moja: aghalabu huanza mwishoni. Shujaa huonekana akikamilisha kazi ambayo hadhira haikuiona ikianza, mtu mmoja au wawili hufa, jengo hulipuka, ndipo majina ya waigizaji yatokeapo na kisa chenyewe kianze.

Sehemu hiyo inayotangulia kisa itaitwa hapa onyesho tangulizi. Makala hii inachunguza jinsi kaida hiyo ilivyozuka, ilivyokomaa, na ilivyoanza kuhojiwa na baadhi ya watunzi. Hoja inayotetewa ni kwamba badiliko kubwa katika historia ya ufunguzi wa filamu hizi si kuongezeka kwa kasi wala ukubwa wa milipuko. Badiliko kubwa limetokea katika dhima ya kifo cha kwanza. Katika kazi kadhaa za awali, anayedhuriwa mwanzoni ndiye sababu ya yote yanayofuata, na kisa humrudia. Katika kaida iliyokomaa baadaye, anayekufa mwanzoni ni pambo: hufa ili hadhira ijue kwamba shujaa hatakufa, na baada ya hapo hakuna amkumbukaye. Suala hili ni la kiufundi na pia la kimaadili, kwa kuwa waliopewa dhima hiyo ya kufa mapema, mara nyingi, ni watu wa mataifa yaliyogeuzwa mandhari ya visa vya wengine.

Ufunguzi kama mkataba

Kila utanzu una namna yake ya kufungua mlango. Fanani wa ngano hutamka "Paukwa!", na hadhira ikishaitikia "Pakawa!", pande zote mbili zimeafikiana kuhusu aina ya ukweli utakaosimuliwa. Utenzi wa Kiswahili nao huanza kwa kumtaja Mungu, na mara nyingi mtunzi huomba vifaa vya kuandikia. Mwana Kupona, katika utendi wake wa mwaka 1858, anamwita bintiye aje karibu na wino na karatasi. Kwa hatua hiyo moja hadhira imekwisha kufahamu nani anasema, anasema na nani, na kwa mamlaka gani. Fomula za aina hii hutekeleza wajibu wa mkataba. Huweka bayana kile ambacho msimulizi anaahidi na kile ambacho msikilizaji anaruhusiwa kudai.

Ufunguzi wa filamu za visa na mapambano ni mkataba vilevile, ila masharti yake hayatamkwi. Huonyeshwa kwa vitendo. Masharti hayo ni matatu. La kwanza linahusu shujaa: ni nani mwenye haki ya kutenda? La pili linahusu mahali: je, ni makazi ya watu au ni uwanja tu wa kupitia? La tatu linahusu kifo: ni cha nani kitakachohesabiwa? Sharti la tatu ndilo lililo zito kuliko mengine, maana ndilo linaloamua masharti mawili ya mwanzo yatasomwaje.

Kutoka ofisi ya telegrafu hadi filamu za mfululizo

The Great Train Robbery, filamu ya Edwin S. Porter ya mwaka 1903, inaanza ndani ya ofisi ya telegrafu ya kituo cha garimoshi. Majambazi wanaingia, wanamlazimisha karani kulisimamisha garimoshi, kisha wanampiga na kumfunga kamba. Hakuna utangulizi wala maelezo kuhusu majambazi hao. Hadhira inatumbukizwa katikati ya tukio, kama alivyotaka Horace. Hata hivyo, jambo la kuzingatiwa zaidi ni kwamba karani yule hasahauliki. Baada ya uporaji, bintiye anamkuta, anamfungua na kumzindua, naye anakwenda kupiga mbiu iliyowatoa watu kuwafuata majambazi. Aliyedhuriwa mwanzoni ndiye mshipi unaoziunganisha pande mbili za msuko.

Filamu hiyo ilikuwa pia na picha moja ya pekee: jambazi, aliyeigizwa na Justus D. Barnes, anaielekeza bastola kwa hadhira na kufyatua. Orodha ya mauzo ya kampuni ya Edison iliwaeleza wenye kumbi kwamba picha hiyo ingeweza kuwekwa mwanzoni au mwishoni, kwa hiari yao. Kwa mtazamo wa kihistoria, ruhusa hiyo ina maana kubwa. Mwaka 1903 ilikuwa imekwisha kutambuliwa kwamba filamu ya mapambano inaweza kuwa na kipande kisichofungwa na msuko, ambacho kazi yake ni kushtua tu. Mbegu ya onyesho tangulizi imo humo.

Mbegu hiyo ilirutubishwa na filamu za mfululizo, zilizoonyeshwa sura moja moja kila wiki. The Perils of Pauline ya 1914 ilikuwa na sura 20. Flash Gordon ya 1936 ilikuwa na 13. Kadiri mtindo huu ulivyokomaa, sura ilizoea kumalizika shujaa akiwa hatarini, na sura iliyofuata ikaanza kwa kuirudia hatari ileile na kuonyesha alivyonusurika. Kwa hiyo ufunguzi wa kila wiki ulikuwa ni mwisho wa wiki iliyopita. Watazamaji walizoeshwa kuona hatari ikitatuliwa ndani ya dakika chache za mwanzo, na kujifunza kwamba shujaa hafi. Flash Gordon Conquers the Universe ya 1940 iliongeza maandishi yanayopanda na kutokomea juu ya kioo ili kueleza yaliyopita. George Lucas aliyafufua maandishi hayo katika Star Wars mwaka 1977, ingawa filamu hiyo haikuwa na sura iliyotangulia. Kilichokuwa hitaji la usimulizi kilikuwa kimegeuka kuwa mtindo.

Windo la ndovu

Mfano unaoweza kuwagusa wasomi wa Kiswahili kwa karibu ni ule wa riwaya ya H. Rider Haggard, King Solomon's Mines, ya mwaka 1885. Riwaya hiyo ilitafsiriwa kwa Kiswahili mwaka 1929 kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, na ikasomwa na vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki. Inafunguliwa kwa utulivu. Allan Quatermain, mtu wa makamo, anakaa kuandika, anajitambulisha, anaeleza kwa nini anaandika, kisha anasimulia alivyokutana na wenzake melini. Windo la ndovu halitokei hadi sura ya nne. Humo Khiva, kijana Mzulu ambaye msomaji amekwisha kumjua kwa jina, anauawa na ndovu alipokuwa akimwokoa Kapteni Good. Wenzake wanamlilia, na Umbopa anatamka kwamba amekufa kiume.

Haggard hakuwa mtetezi wa Waafrika, na itikadi ya kikoloni imeenea katika riwaya yote. Lakini muundo wa riwaya ya karne ya kumi na tisa, wenye ufunguzi wa polepole, ulimlazimisha kumpa Khiva jina na nafasi kabla ya kumuua.

Filamu ya mwaka 1950, iliyoongozwa na Compton Bennett na Andrew Marton na kupigwa picha Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo, iliupindua mpangilio huo. Windo la ndovu lilihamishwa kutoka sura ya nne hadi mwanzo kabisa. Ndovu anauawa, na mmoja wa wasaidizi wa Quatermain anapoteza maisha. Hadhira haijamjua msaidizi huyo. Kifo chake kinafasiriwa kupitia kwa Quatermain pekee: ni thibitisho kwamba mwindaji huyu amechoshwa na kazi yake, na kwamba Afrika ni nchi ya hatari. Tukio ni karibu lilelile, lakini kuhamishwa kwake kumelinyang'anya maana. Khiva wa riwaya alikufa kwa ajili ya kitendo alichokichagua mwenyewe. Msaidizi wa filamu anakufa ili kumtambulisha mtu mwingine.

Ulinganisho huu unadhihirisha kwamba kaida ya ufunguzi haitokani na itikadi tu, wala na ufundi tu. Haja ya kuishika hadhira katika dakika za kwanza ilihitaji kifo cha haraka, na itikadi ikaamua kiwe cha nani.

Miaka mitatu, 1962 hadi 1964

Mabadiliko haya yanaonekana waziwazi zaidi katika filamu tatu za kwanza za James Bond. Katika Dr. No (1962), iliyoongozwa na Terence Young, hakuna onyesho tangulizi. Baada ya mtutu wa bunduki uliobuniwa na Maurice Binder na maandishi ya majina, watu watatu wanaojifanya vipofu wanamuua Strangways, mpelelezi wa Kiingereza huko Jamaika, na katibu wake pia anauawa. Vifo hivyo ndivyo sababu ya Bond kutumwa Jamaika. Bila ya Strangways hakuna kisa.

Katika From Russia with Love (1963), ya mwongozaji yuleyule, onyesho tangulizi linajitokeza kwa mara ya kwanza katika mfululizo huo. Bond ananyongwa bustanini usiku. Taa zinapowashwa, uso wa maiti unavuliwa barakoa na kubainika kuwa ni wa mtu mwingine. Lilikuwa zoezi la kumpima muuaji. Hapa kifo cha kwanza kimebakiwa na uhusiano na msuko, kwa kuwa muuaji huyo, Grant, atakutana na Bond wa kweli baadaye. Lakini aliyekufa hana jina wala historia. Ameuawa badala ya shujaa, na hata uso wake ulikuwa wa kuazimwa.

Goldfinger (1964), iliyoongozwa na Guy Hamilton, ilikamilisha mwendo huo. Katika mazingira ya Amerika ya Latini, Bond anaibuka majini, analipua ghala la heroini, anavua vazi la kupigia mbizi na kubaki na suti nyeupe ya karamuni. Kisha anamuua mshambuliaji kwa umeme ndani ya hodhi la kuogea na kufanya mzaha juu ya kifo hicho. Tukio lote halina uhusiano wowote na dhahabu wala na Goldfinger. Ndani ya miaka mitatu tu, kifo cha kwanza kilikuwa kimeondoka kwenye nafasi ya sababu, kikapita kwenye nafasi ya mazoezi, na kuishia kwenye nafasi ya mzaha.

Goldfinger ndiyo iliyogeuka kielelezo. Kuanzia hapo filamu za Bond zilishindana kufungua kwa ajabu kubwa zaidi, kama vile kuruka kwa parachuti yenye bendera ya Uingereza katika The Spy Who Loved Me (1977) na kuruka kutoka juu ya bwawa huko Uswisi katika GoldenEye (1995). Kadiri ajabu ilivyokua, ndivyo uhusiano wake na kisa ulivyoelekea kulegea.

Bara zima katika kichwa kimoja cha maandishi

Steven Spielberg na George Lucas waliirithi mikondo yote miwili, ule wa filamu za mfululizo na ule wa Bond, katika Raiders of the Lost Ark ya mwaka 1981. Nembo ya mlima ya kampuni ya Paramount inayeyuka na kuwa mlima halisi. Mtu mwenye kofia anatembea msituni, uso wake umefichwa, hadi anapompokonya msaliti bastola kwa mjeledi. Maandishi yanatangaza mahali na wakati: Amerika ya Kusini, 1936. Mwaka umetajwa kwa usahihi, ilhali mahali ni bara zima. Kutaja bara badala ya nchi ni tangazo kwamba mahali hapo ni pa kupitia tu.

Yanayofuata yanajulikana sana: sanamu ya dhahabu, mitego, jabali linaloviringika, na mpinzani Mfaransa, Belloq, anayeinyakua sanamu mlangoni mwa pango. Waelekezaji wawili wa Indiana Jones wamekufa kufikia hapo. Baadaye chuoni, Indiana anamlalamikia Marcus Brody kwamba aliishika sanamu mkononi. Brody anabashiri mara moja kwamba ni kazi ya Belloq, lakini anapoulizwa kama angependa kusikia yaliyotokea, anakataa. Mazungumzo hayo mafupi ni ufafanuzi bora wa kaida nzima. Kinachokumbukwa ni kitu kilichopotea na jina la mpinzani wa Kizungu. Waliokufa hawatajwi, na msikilizaji mwenyewe hataki kusimuliwa.

Ni haki kukiri kwamba Raiders ina ubunifu ambao Goldfinger haina: shujaa wake anashindwa mwanzoni, na kushindwa huko kunaashiria mwisho wa kisa, ambapo Sanduku la Agano nalo halitabaki mikononi mwake. Kwa upande wa msuko, ufunguzi huo umefumwa vizuri. Upungufu wake uko katika hesabu ya vifo.

Hesabu hiyo ilizidi kukolea katika miaka ya 1980. First Blood ya 1982 inaanza kwa utulivu: John Rambo anamtafuta rafiki yake wa vitani na kuambiwa kwamba amekufa kwa saratani iliyotokana na kemikali zilizotumiwa Vietnam. Marehemu ana jina, ana familia inayomlilia, na kifo chake kinaitia huzuni filamu nzima. Mwendelezo wake wa mwaka 1985 unaanza kwa mlipuko katika machimbo ya mawe ya gereza. Miaka mitatu ilitosha tena kuiondoa maiti yenye jina na kuweka kishindo mahali pake.

Kaida hii haikuwa ya lazima, na ushahidi haukosekani. Katika Seven Samurai ya Akira Kurosawa (1954), majambazi wanaonekana kileleni wakipanga kurudi baada ya mavuno ya shayiri, na mwanakijiji anawasikia. Filamu hiyo inafunguliwa kwa hofu ya wakulima kabla shujaa yeyote hajatokea. Mahali ni kijiji chenye watu, na muda unapimwa kwa mavuno yao. Enter the Dragon ya mwaka 1973 inaanza kwa pambano la Bruce Lee katika hekalu la Shaolin, ambamo hakuna afaye: mshindwa na mshindi ni wanafunzi wa chuo kimoja. Filamu zote mbili zinathibitisha kwamba taharuki yaweza kujengwa bila ya kafara ya mtu asiye na jina.

Hadhira na stelingi

Yafaa kuuliza hadhira za Afrika Mashariki ziliusomaje mkataba huu. Jibu mojawapo limehifadhiwa katika lugha. Katika Kiswahili cha mitaani, shujaa wa filamu huitwa stelingi, na pengine steringi. Neno hilo limetokana na lile la Kiingereza linalotangulia jina la mwigizaji mkuu katika maandishi ya mwanzo wa filamu. Kwa hiyo hadhira ililichukua jina la shujaa kutoka kwenye ufunguzi wenyewe. Pamoja na neno ilichukua kanuni: stelingi hafi. Kanuni hiyo, ambayo mtoto yeyote aliyezoea banda la video aliifahamu, ni uhakiki kamili. Inasema kwamba filamu imewagawa watu mafungu mawili tangu dakika za mwanzo, na kwamba mgawanyo huo hautegemei ushujaa bali umetokana na karatasi ya majina.

Katika mabanda ya video ya Uganda na Tanzania, na baadaye Kenya, walizuka pia watangazaji wanaosimulia filamu juu ya sauti yake kwa lugha ya watazamaji. Watangazaji hao huwabandika wahusika majina ya kienyeji, huwakejeli na huwahurumia. Kwa kufanya hivyo wamerudisha msimulizi mahali ambapo onyesho tangulizi lilikuwa limemwondoa. Mtu aliyekuwa hana jina katika mswada wa Hollywood huweza kulipata katika banda.

Mahali nako kumeendelea kuwa maandishi tu. Casino Royale (2006) inaitaja Mbale, Uganda, katika sehemu zake za mwanzo, kisha inahamia Madagaska, ambayo ilipigiwa picha Bahamas. Hakuna kosa la kisheria wala la kiufundi katika kuigiza nchi moja ndani ya nyingine. Sinema imefanya hivyo tangu mwanzo. Hata hivyo, urahisi wa ubadilishanaji huo unaonyesha kwamba kinachohitajika ni jina la mahali tu, si mahali penyewe.

Baba, nisimulie

Kutokana na historia hii, ufunguzi wa Black Panther ya Ryan Coogler (2018) unastahili kusomwa kwa makini. Sauti ya mtoto inamwomba baba yake amsimulie hadithi ya nyumbani kwao, na baba anasimulia chimbuko la Wakanda. Mbinu hii ni ya ngano: kuna anayeomba, kuna anayesimulia, na kuna makubaliano. Kisha filamu inahamia Oakland, mwaka 1992, ambako Mfalme T'Chaka anamkabili nduguye N'Jobu, huku watoto wakicheza mpira wa kikapu nje. Mandhari inakatwa kabla mambo hayajaisha.

Kifo cha kwanza kimefichwa, na kufichwa huko ndiko kiini cha msuko. Kadiri kisa kinavyoendelea, hadhira inabaini kwamba N'Jobu aliuawa usiku ule, kwamba maiti yake iliachwa, na kwamba mwanawe aliyebaki yatima ndiye anayerudi kudai. Uovu mkuu wa ufalme katika filamu hiyo ni ule hasa ambao utanzu umekuwa ukiutenda kwa zaidi ya nusu karne: kumuua mtu mwanzoni kisha kuendelea kana kwamba hakuwapo. Coogler ameigeuza kaida kuwa dhamira. Ingawa mpangilio wa mapigano katika filamu hiyo ni wa kawaida, ufunguzi wake umekirejesha kifo cha kwanza kwenye nafasi ya sababu.

Hitimisho

Yaweza kupingwa kwamba utanzu huu ni wa burudani, na kwamba tendi za kale nazo zimejaa maiti. Pingamizi hilo linajibika kwa kurejelea tendi zenyewe. Homer huwaua askari wengi wadogo katika Iliad, lakini mara nyingi humtaja anayekufa kwa jina, jina la baba yake, na nchi alikotoka. Utendi wa Tambuka wa Bwana Mwengo, wa mwaka 1728, unakifanya kifo cha Jaafari katika vita vya Muta kuwa miongoni mwa sababu za vita vinavyosimuliwa. Marehemu ndiye anayeusukuma utendi mbele. Wingi wa vifo si hoja. Hoja ni kama kisa kinavihesabu.

Historia ya ufunguzi wa filamu za visa na mapambano, kuanzia karani aliyezinduliwa na bintiye mwaka 1903, kupitia hodhi la Goldfinger, hadi chumba cha Oakland, ni historia ya hesabu hiyo ilivyopotezwa na namna inavyoweza kurejeshwa. Mhakiki anayezitazama filamu hizi hana budi kuanza na swali dogo ambalo Brody hakutaka kulisikiliza: kabla ya majina ya waigizaji kuandikwa, ni nani aliyekufa, na je, kuna mtu katika kisa chote aliyemuuliza?